Njugu nyeusi za bibi hazikuota: yaliyotukuta na akiba ya mbegu za asili Nachingwea

Kilindo (mwanzisha uzi), Nachingwea

Wakuu, salaam. Humu jukwaa la kilimo nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu jambo hili limeniuma na sitaki kikundi kingine cha huku Kusini kilirudie.

Miaka mitatu iliyopita tulikaa watu kumi na wanne, wengi akina mama, tukakubaliana tuweke akiba ya mbegu zetu za asili kabla wazee hawajatutoka. Kila mtu alileta alichonacho: njugu mawe, kunde, choroko, mtama wa suke lililosimama na wa suke lililoinama, mahindi ya kienyeji, mbaazi, maboga. Tukajaza chupa za maji za lita moja na nusu, tukabandika karatasi, tukapanga kabatini kwenye chumba kimoja cha kijiji. Siku ile tulipiga vigelegele. Tulijiona tumemaliza kazi.

Msimu uliopita, mvua za mwezi wa kumi na mbili zikiwa bado, tukafungua tupime uotaji kabla ya kugawana. Punje 50 kila chupa, tukazipanga mistari kwenye kipande cha kanga kilicholowa, tukazungusha, tukaweka kwenye sinia na kulifunika. Njugu mawe hazina haraka, kwa hiyo tukazipa siku kumi na nne. Mtama ulitoa 44. Kunde 31. Njugu za rangi ya maziwa 9. Njugu nyeusi tuliweka 20 kwa kuwa chupa haikuwa na zaidi ya hizo. Haikuota hata moja. Zililainika, zikanuka, zikaota ukungu wa kijivu pale kwenye jicho la punje.

Hizo nyeusi zilikuwa za bibi yangu mzaa mama. Alikuwa akisema nyeusi ndizo za mwaka wa jua kali, nyeupe ni za mwaka mwema. Amefariki mwaka jana. Nilikuwa nimemwahidi kwamba zipo salama.

Nimetafuta, nimeuliza, nimesoma. Nitaandika kidogo kidogo nilichokielewa. Mwenye uzoefu aongeze, na nikikosea nirekebishwe.

Nangurukuru, Kilwa

Pole sana ndugu. Hilo ni kama msiba wa pili. Ila naomba unieleweshe: bibi zetu waliweka mbegu kwenye kibuyu au kilindo cha gome juu ya jiko, miaka na miaka, na ziliota. Ninyi mmeweka kwenye chupa yenye kifuniko. Iweje ya kisasa ishindwe na kibuyu?

Kilindo

Nangurukuru, swali lako ndilo lililonikosesha usingizi.

Kibuyu cha bibi kilikuwa kinaning'inia juu ya mafiga. Moto wa kila siku ulikuwa unakausha mbegu polepole na moshi unafukuza fukusi. Tena bibi hakuweka mbegu miaka mitatu bila kuzipanda. Kila msimu zilishuka, zikaenda shambani, zikarudi mpya. Akiba yake ilikuwa inazunguka.

Sisi tulianika siku mbili kwenye mkeka, tukaona zimekauka kwa kuzishika, tukafunga kifuniko. Unyevu uliobaki ndani ya punje ukakosa pa kutokea. Chupa ya plastiki haikaushi kitu, inatunza hali uliyoiweka. Ukifunga mbegu mbichi, umefunga ubichi. Halafu kabati lenyewe liko chini ya bati, na adhuhuri chumba kile hakikaliki.

Kuna kanuni ya wataalamu wa mbegu, huitwa kanuni ya Harrington. Kwa mbegu zinazovumilia kukaushwa, kila unapopunguza unyevu wa punje kwa asilimia moja, umri wake huongezeka takribani mara mbili. Na kila unapopunguza joto la mahali pa kuwekea kwa nyuzi 5 hivi, umri huongezeka mara mbili tena. Sasa igeuze uone tulichofanya: unyevu juu, joto juu. Tulikuwa tunakata umri nusu, na nusu ya nusu.

Karanga na ufuta zina mafuta, kwa hiyo zinataka ukavu zaidi ya mtama kabla hujafunga kifuniko. 

Mwalimu Mstaafu, Lindi

Kijana, umeandika vizuri. Sisi zamani tuliwafundisha wanafunzi kipimo cha chumvi. Unakaanga chumvi ikauke kabisa, ikipoa unaitia kwenye chupa ya kioo iliyo kavu pamoja na mbegu, unatikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mbegu bado mbichi. Ikibaki chini, imekauka. Hakihitaji mashine wala umeme.

Kilindo

Shikamoo mwalimu. Kipimo hicho tunakitumia sasa, na kinasaidia sana kwa mahindi ya kula. Kwa mbegu ya akiba ndipo kinapotupa matumaini ya uongo, kwa sababu chumvi inaganda pale tu unyevu unapozidi kama asilimia 15. Mbegu yenye asilimia 13 itapita mtihani huo na bado ikafa mapema chupani.

Tunachofanya sasa ni hiki. Kwanza tunaanika kivulini penye upepo, si juu ya bati wala sakafu ya saruji saa saba mchana, maana joto kali nalo linaua kijusi. Kipindi cha kusi hewa ni kavu, ndio wakati mzuri kwetu bara. Wenzetu wa Mikindani na Kilwa mlio karibu na bahari mna kazi zaidi, hewa yenu ina maji hata usiku. Njugu tunaigonga kwa jiwe: ikipasuka vipande imefika, ikibonyea irudi mkekani.

Baada ya hapo tunatumia mchele. Mchele wa kawaida unakaangwa bila mafuta mpaka uwe rangi ya chai ya maziwa, unapoozwa ndani ya chombo kilichofungwa usije ukanywa unyevu wa hewani, kisha unawekwa kwenye ndoo yenye mpira wa kubana pamoja na mbegu zilizofungwa kwenye kitambaa, uzito kwa uzito. Wiki mbili. Mchele unavuta maji kutoka kwenye mbegu. Kisha mbegu zinahamia kwenye chupa za kioo kavu, na mchele unakaangwa tena kwa awamu nyingine.

Mama mmoja wa kikundi anauza samaki, ana friza. Mbegu zikishakauka kabisa tunaziweka humo siku kadhaa kuua fukusi na mayai yake. Nasisitiza *zikishakauka*, maana mbegu mbichi ikigandishwa, maji yaliyo ndani yake yanapasua kila kitu. Na ukiitoa usifungue chupa papo hapo. Iache mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewani unageuka matone juu ya mbegu na umerudi ulikotoka.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hilo la asilimia 15 sikulijua. Nimeliandika.

Mkorosho, Tandahimba

Mimi nauliza kwa nia njema kabisa. Watafiti wa kituo cha Naliendele wametupa karanga za Pendo na Mnanje, ufuta wa Lindi 2002, mikorosho ya kubebesha. Mkulima anataka gunia. Kwa nini tuhangaike na njugu za rangi saba za mabibi wakati utafiti upo hapo hapo Mtwara?

Kilindo

Mkorosho, mimi mwenyewe napanda Pendo na sitaacha. Lakini mtafiti haumbi mbegu kutoka hewani. Anachagua na kuchanganya kutoka kwenye makusanyo ya watu kama bibi yangu. Ugonjwa mpya ukija, anarudi kwenye makusanyo kutafuta punje inayouweza. Makusanyo yakiwa matupu, atachagua nini? Taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA kule Ibadan, Nigeria, ina zaidi ya sampuli 15,000 za kunde. Hawakuziweka kwa urembo.

Na wewe wa Tandahimba unalijua hili kuliko mimi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho karibu tani 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, bei ikiwemo, watu kuhamishwa mbali na mashamba yao ikiwemo, lakini ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, nao ulikula maua. Watafiti walitoka vipi? Walizunguka kutafuta miti iliyokuwa inazaa pembeni ya miti iliyoungua kwa ubwiriunga. Miti hiyo ilikuwepo kwa sababu mikorosho yetu ilipandwa kwa mbegu, na mkorosho wa mbegu hafanani na mama yake. Sasa tunabebesha vikonyo vya miti michache iliyo bora. Ni sawa, tunavuna. Ila shamba lote likiwa watoto wa mama mmoja, anayemweza mmoja anawaweza wote. Usikate mikorosho yote ya babu. Acha michache.

Niseme na hili. Mji wa Leningrad ulipozingirwa na Wajerumani kuanzia 1941, watu walikufa njaa kwa mamia ya maelfu. Kulikuwa na taasisi ya Vavilov yenye tani za mbegu: mchele, ngano, karanga, viazi. Watunzaji walikataa kuzila. Kadhaa walikufa njaa humo humo kazini, mmoja wao mtaalamu wa karanga, alikutwa amefia mezani pake. Vavilov mwenyewe, mwanasayansi wa mimea aliyekuwa ameiongoza taasisi hiyo, alikufa gerezani Saratov mwaka 1943. Nikikumbuka mtu amekufa njaa huku amezungukwa na karanga ili mbegu zivuke, naona aibu kusema sisi tulishindwa kukausha chupa.

Mkorosho

Nimekuelewa. Shambani kwa marehemu baba kuna mitatu mikubwa tuliyopanga kuikata mwezi wa sita. Nitazungumza na mjomba iachwe.

Binti Newala

Mnaongea punje tu. Sisi huku juu tunaishi kwa muhogo, na muhogo hauwekwi chupani. Mama alikuwa na aina sita, leo tunazo mbili. Nyingine zimeondoka na michirizi kahawia: ukivuna unakata mzizi, ndani mistari ya kahawia mikavu kama kutu, hata kuku hali. Na ming'oko, viazi vyetu vya porini, je? Kila mwaka tunatembea mbali zaidi porini kuichimba.

Kilindo

Dada, umeniwahi. Kwa muhogo akiba ni shamba lenyewe. Pingili inapandwa, inakua, inakatwa, inapandwa tena, hakuna kupumzika. Maabara zinaweza kutunza vichipukizi kwenye chupa za kioo zenye chakula chake, lakini kijijini hatuna hiyo. Tulichokubaliana kwetu ni kila aina mashina yasiyopungua kumi, kwenye vishamba viwili vilivyo mbalimbali, kwa watu wawili tofauti. Na unachagua pingili kwenye shina ulilolichunguza majani *na* mzizi, kwa sababu michirizi kahawia inasafiri ndani ya pingili. Majani yanaweza kuonekana mazima huku mzizi umeshaoza. Nzi weupe nao wanaueneza, kwa hiyo ukiona shina lenye dalili ling'oe, hata kama ni la mwisho la aina hiyo pale shambani. Ndiyo maana unahitaji kishamba cha pili.

Ming'oko inatunzwa palepale inapoota. Wazee walikuwa wakichimba wanarudishia kichwa cha mzizi na kufukia. Wachimbaji wa kuuza sokoni wanaacha shimo wazi. Ukitaka kuokoa ming'oko anzia hapo kwenye shimo.

Binti Newala

Kurudishia kichwa! Bibi alikuwa anatupiga tukisahau. Nilidhani ni mwiko tu.

Mama wa Mnazi Mmoja

Wanangu, mimi nina swali. Njugu zangu zimechanganyika, nyekundu, nyeupe, zenye madoa, nyeusi mbili tatu. Bwana mmoja wa mradi alikuja akaniambia nizitenganishe kila rangi peke yake ndiyo uhifadhi. Ni kweli?

Kilindo

Shikamoo mama. Hilo ndilo kosa lililotumaliza sisi, na hata sasa nikilifikiria nasikia uchungu.

Bibi alikuwa anapanda mchanganyiko. Sisi tulikaa ukumbini tukatenga rangi, ilipendeza machoni. Nyeupe zikajaa chupa mbili, nyekundu moja, nyeusi kiganja kimoja. Tuliona tumepata aina tatu. Kumbe ile aina ilikuwa mchanganyiko wenyewe, na kwa kuugawa tulifanya kila kipande kiwe kidogo mno. Kile kidogo kuliko vyote ndicho kilichokufa. Mama, zako ziache zilivyo. Ukitaka kutenga, tenga kiasi kidogo pembeni kwa kuangalia, na mchanganyiko mkubwa ubaki mzima.

Sasa, ni mimea mingapi inatosha? Tuseme shambani kwako kuna tabia moja adimu, labda kuvumilia ukame, iliyo kwenye mmea mmoja kati ya 20. Ukichukua mbegu kwenye mimea 10 tu, uwezekano wa kuikosa kabisa ni kama 60 kwa 100. Mimea 20, bado ni kama 36 kwa 100. Ni mpaka ufike mimea 59 ndipo uwezekano wa kuikosa unashuka chini ya 5 kwa 100. Piga mwenyewe kwenye simu, 0.95 mara yenyewe mara 59. Kwa hiyo mtu anayekuja kuchukua "masuke matatu mazuri" ameacha nusu ya mali shambani. Tena hayo matatu mazuri yote yana tabia zinazofanana, kwa sababu jicho lake linapenda kitu kimoja.

Hesabu hiyo inarudi kila mnapopanda kuzifanya upya. Mimea 60 ikiwa mingi leo, msimu ujao ukapanda 15 kwa kukosa nafasi, umeshapoteza na hutajua umepoteza nini.

Njugu mawe na karanga zinajichavusha zenyewe, hazina usumbufu. Mahindi yanachavushwa kwa upepo; jirani akipanda ya kampuni karibu, yako si yako tena. Mbaazi nyuki wanazichanganya. Sisi tulipanda mbaazi za aina mbili mita thelathini tu kati yake, na mwaka wa pili zote zilikuwa zimeanza kufanana.

Mama wa Mnazi Mmoja

Marahaba mwanangu. Nitaziacha pamoja. Moyo wangu ulikuwa haukubali kuzitenga.

Nangurukuru

Swali la mwisho kwangu. Kwa nini msipeleke tu Arusha kwenye benki ya taifa? Mimi Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na nyumba yangu iliingia maji. Debe la mtama wa mbegu lilichipua ndani ya gunia. Nyumba ya mtu si benki.

Kilindo

Pole mkuu. Na uko sahihi, tupeleke, ila tupeleke *nakala*. Benki ya nasaba za mimea ya taifa ipo Arusha, chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nchi za SADC zina kituo cha pamoja Lusaka kinachotunza nakala za kila nchi. Makusanyo ya muda mrefu yanawekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Svalbard kule Norway, ghala lililofunguliwa 2008, ni nakala ya nakala, na aliyeweka ndiye peke yake anayeruhusiwa kutoa. Watu wa ICARDA, taasisi ya utafiti wa kilimo cha maeneo makame, waliokuwa Aleppo walipokosa kufikia benki yao kwa sababu ya vita vya Syria, mwaka 2015 walikwenda kuchukua mbegu zao huko, wakazipanda Lebanon na Morocco, na 2017 wakarudisha nyingine. Benki haikuishia kutunza. Mbegu zilirudi ardhini.

Ila baridi haimfufui aliyekufa. Wataalamu wanataka mbegu inayoingia benki iote angalau 85 kwa 100. Zetu za 9 kwa 50 zingekwenda kulala huko zikiwa tayari maiti.

Na kuna jambo la maandishi. Zamani kuna mradi ulipita kwetu, sitautaja, ukachukua kilo kadhaa za mbegu kwa akina mama. Hawakuandika jina la aliyetoa, wala kitongoji, wala mbegu inaitwaje. Hawakuacha hata karatasi. Leo ukiuliza zilipo, hakuna wa kujibu. Mbegu isiyojulikana ilitoka kwa nani, udongo gani, inapandwa lini na inapikwaje, hata ikiota, mtafiti hajui aifanyie nini na mwenyewe hawezi kuidai. Chupa zetu wenyewe zilikuwa na neno moja tu: "njugu". Wino ukafifia.

Sasa tunaandika kwa penseli, karatasi moja ndani ya chupa na nyingine kwenye daftari.

Kuhusu kuuza, tuwe waangalifu. Sheria ya Mbegu ya 2003 ipo, na utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora chini ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, ni kwa aina zilizosajiliwa. Za asili za bibi hazimo. Sisi hatuuzi. Tunaazimana: unachukua sahani, unarudisha sahani mbili baada ya mavuno.

Mjukuu wa Nanyumbu

Kilindo, nimesoma uzi wote jana usiku nikamsomea mama mkwe wangu asubuhi. Anazo njugu nyeusi. Amenionyesha: nyeusi tii, jicho jeupe, ndogo kidogo kuliko za kawaida. Anapanda kila mwaka pembezoni mwa shamba la ufuta.

Kilindo

Mkuu, mikono inanitetemeka. Ndivyo zilivyokuwa, nyeusi zenye jicho jeupe.

Naomba mnisaidie. Msinichagulie nzuri. Chukueni kwenye mashina mengi iwezekanavyo, yawe 60 au zaidi, njugu mbili tatu kila shina, zikiwa kwenye maganda yake. Na muulize mama: anaziitaje kwa lugha yake? Alizipata kwa nani? Anazipanda mwezi gani, kabla au baada ya ufuta? Zinachukua muda gani kwenye moto? Andika kama anavyosema, usinyooshe.

Mjukuu wa Nanyumbu

Anaziita njugu za kiangazi. Anapanda mvua ya kwanza kabisa, kabla ya ufuta. Anasema zinachelewa kuiva jikoni, anaziloweka usiku. Alizipata kwa mama yake, na mama yake alitoka nazo huko huko Nachingwea, kabla watu hawajahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Kwao Wamwera mume ndiye alikuwa anahamia kwa mke, kwa hiyo mbegu ilikuwa inabaki kwa akina mama, mpaka ile hama hama ndiyo ikawatawanya.

Na anauliza: utazipanda, au utazifungia kwenye chupa?

Kilindo

Mpe shikamoo yangu. Mwambie theluthi moja inaingia ardhini mvua ya kwanza, theluthi moja inakaushwa na kuwekwa chupani na jina lake likiwa ndani, na theluthi moja naipeleka kwa Mama wa Mnazi Mmoja akizikubali, ili zisiwe kwenye nyumba moja tena. Nikivuna namrudishia sahani zake mbili. Jumamosi nakuja na basi la asubuhi.